Wimbo wa Wodi na Mananasi ya Baba

Kirra, usicheke. Nimetoka sasa hivi kuimba ule wimbo wangu wa wodi ya wagonjwa wa akili. Ukumbi wa kijiji umejaa, na Baba kaketi mstari wa mbele.

Baba yuleyule aliyeitangazia Tasmania nzima kwamba ile miezi mitatu niliyolazwa nilikuwa Queensland navuna mananasi.

Nikafika kwenye ule mstari, "Jumapili zote, hakuna aliyekuja." Bi Lorna wa duka la mikate, Mungu ambariki, akauliza kwa sauti, "Mbona tuliambiwa mananasi?"

Mbona tuliambiwa mananasi! Mbele ya watu wote!

Baba akatoka. Bingwa wetu wa kukimbia maongezi. Nikamfuata mpaka kwenye gari, nimejaa hasira. "Haya, sema nimekuaibisha!"

Hata hakunitazama. "Wimbo mzuri. Ila ule mstari si kweli. Nilikuja kila Jumapili. Nikifika, nashindwa kushuka garini."

Nikacheka. Nikamwambia, haya, na mananasi uliniletea?

"Ulikuwa unakaa dirishani," akasema. "Umevaa sweta yangu ya kijani."

Kirra, ile sweta niliipoteza hukohuko wodini. Sijawahi kumwambia mtu kwamba nilikuwa nayo kule.