Mursik Iliyomwagika

Kericho, Jumanne, Mei 1996

Siombi msamaha. Sista wa wodi akitaka anitoe kwa kozi, nitarudi Sosiot nikachume majani chai na mama.

Kwani kosa langu ni gani? Mzee arap Koros amepooza mkono wa kulia, na kazi ninayofundishwa hapa ni kumsaidia aweze tena kula na kuvaa mwenyewe. Lakini kila siku binti yake Chebet anakuja na maziwa ya mursik na kumnywesha kama mtoto. Kwetu mzee hahangaiki na kikombe kama watoto wake wako. Ni heshima. Hata mimi nililelewa hivyo.

Leo nikamwambia, "Dada, weka kikombe mezani, halafu ukae."

Mzee alijaribu. Mkono ulitetemeka, mursik ikamwagika mezani na kifuani mpaka kwa shuka. Nilikalia mikono yangu ili nisimsaidie. Chebet akalia, "Unatesa baba yangu! Wewe huna baba?"

Ninaye, na hata yeye ningemwacha ajaribu.

Sista amesema kesho nimwombe Chebet msamaha mbele ya familia yote. Naogopa, sifichi. Nikifukuzwa, mama atawaambia nini watu wa kanisa...

Lakini Sista hakuwepo nilipokuwa nikipanguza ile meza. Chebet alijaza kikombe tena, akakipeleka mdomoni mwa baba yake. Mzee akafunga mdomo. Kisha akausukuma mkono wa binti yake, polepole, kwa mkono wake wa kulia.