Serumu ya Mama Albertine

Lubumbashi, Jumatano

Asubuhi direkta wa hospitali ya kampuni alitusomea barua: ili kupunguza matumizi, wastaafu hawatibiwi tena kuanzia leo, hata wale waliolazwa.

Hata Mama Albertine, muuguzi mstaafu wa hapa hapa, aliyelazwa wodini kwangu. Yeye ndiye aliyenifundisha uuguzi, wakati sijui hata kushika sindano. Na nikatumwa mimi kumtoa kitandani. Nilisimama mbele yake.

Akaninyooshea mkono wenye sindano ya serumu, ile dripu ya maji. "Toa weye, mutoto wangu. Bengine bataniumiza."

"Mama, haiko miye niliamua."

"Ninajua. Toa tu."

Nikatoa. Akashuka, akaanza kutandika kitanda kile mwenyewe, polepole, akikunja pembe za shuka jinsi alivyotuzoeza. Direkta alikuwa mlangoni. Aliangalia chini.

Maisha yangu yote sijaiba kitu. Leo nimetoka kazini na chupa mbili za serumu chini ya kitenge. Mama Albertine nimemleta nyumbani, amelala chumbani kwetu, chupa ya kwanza inaning'inia kwenye msumari wa pazia, matone yanashuka vizuri.

Kesho wakiniuliza, sitakana.