Sakafu ya Kumrudisha Mama Botini

Jumatatu, 3 Machi
Nimerudi bandarini Ggaba na magunia manne ya mukene, wale dagaa wetu wa ziwani. Peke yangu tena. Nimeendesha vizuri, kama kawaida yangu, lakini boti bila Mama haina raha. Napiga porojo na magunia. Tangu ateleze kwenye alumini tupu akaumia kiuno, ameapa hakanyagi humo mpaka iwekwe sakafu. Nitaiweka. Nawashinda mafundi wote.

Jumatano, 5 Machi
Katwe, mtaa wa mafundi wa vyuma. Nimeona bati la alumini lenye vinundu, linang'aa kama meno yangu. Fundi akacheka: "Kijana, saa saba mchana utakaanga mayai hapo." Wivu tu. Nimechukua kipande cha kujaribu. Na cha plaiwudi, na cha zulia la kijani. Na cha mpira mweusi wenye matundu, sura mbaya kabisa. Huo nimepewa bure.

Alhamisi, 6 Machi
Nimevitandaza uani, nikavimwagia maji yaliyooshewa samaki. Nikatembea juu ya bati kwa madaha, majirani wakitazama. Nikaanguka. Matako yanauma. Yaishie hapo.

Jumamosi, 8 Machi
Zulia bado bichi, linanuka, paka wanalilamba. Plaiwudi imevimba pembeni. Nikamwambia Mama achague, nikijua atapenda bati langu. Akavua ndala, akafumba macho, akanishika bega. Akanibana mpaka kucha zikaniingia. Kumbe ni woga. Mimi nilidhani anadeka. Mjinga mimi.
Bati likamchoma, akaruka. Kwenye mpira akasimama. Akaliachia bega langu.
"Huu."
"Mama, huo mbaya jamani!"
"Hata wewe ulizaliwa na sura mbaya, Baraka. Nilikutupa?"
Jirani amecheka mpaka akakaa chini.

Jumatatu, 10 Machi
Nimenunua mpira wa boti nzima, nikaukata mapande mapande, nikayatandaza botini, yaweze kunyanyuliwa ili chini paoshwe. Nimekanyaga kila kona mara kumi, miguu ikiwa na maji. Mama akiteleza tena, hatapanda maisha yake yote. Naogopa. Sijamwambia mtu.

Jumanne, 11 Machi
Amepanda. Mguu mmoja, akasita, kisha wa pili. Bega langu hakuligusa.
Wakati wa kurudi amejilaza palepale kwenye mpira, kanga usoni, usingizi ukamchukua. Nikapunguza mwendo. Boti zote zimetupita.