Maji Yanayochemka Bila Kuni

Mama mpendwa,

Hamjambo hapo Malava, wewe na ng'ombe wako? Huku Amerika kuna baridi kali, lakini ardhi inachemka. Leo tumetembelea bonde la chemchemi za maji moto, tukapita juu ya njia ya mbao, maana ukikanyaga chini unaweza kutumbukia. Mvuke ulitufunika mpaka nikawa nasikia tu viatu vya Nekesa, yule msichana wa Sigalagala ninayesoma naye. Mara maji yakaruka kutoka shimo moja ardhini, yakapita urefu wa mikaratusi yetu, yakatulia huko juu kidogo kama yanafikiria, kisha yakarudi polepole.

"Maji moto bila kuni!" Nekesa akasema. "Mama yako akiona hapa, atahama."

Nilicheka, halafu nikageuka kuyatazama tena. Maji yalikuwa yanachemka tu, na hakuna mtu anayekuja kuoga. Nikakuona ndani ya ule mvuke, umeinamia sufuria. Kila jioni bado unamwekea Baba maji ya kuoga, mwaka wa pili sasa tangu tumzike. Yakipoa, unaimwagia migomba.

Mama, leo usiyamwage. Oga wewe, yakiwa bado moto.

Mtoto wako,
Nafula