Picha Iliyo Ukutani Kwako

Mpendwa binti yangu Akoth,

Mwanamke aliye ukutani kwako, juu ya televisheni, ndani ya fremu uliyoinunua kwa mshahara wako wa kwanza, si mama yako. Nimelificha jambo hili tangu ulipokuwa na miaka tisa. Nakuandikia leo kwa sababu daktari amenishauri nisipange mambo ya mbali, na kwa sababu ulipokuja mara ya mwisho uliniambia, huku ukinikata kucha, "Baba, siku ikifika, kwenye programu ya mazishi tutaweka picha yako na ya mama, bega kwa bega." Niliuvuta mkono wangu. Ukadhani ni ugonjwa.

Naandika kwa Kiswahili ili mumeo na watoto wako huko Nakuru waelewe bila wewe kuwatafsiria. Nimemwagiza shangazi yako Anyango aisome barua hii mbele ya watu wote. Uongo nilikupa mbele ya watu, sioni kwa nini ukweli nikunong'oneze. Msamaha siombi. Kusamehe ni kazi, nawe umenifanyia kazi za kutosha.

Unajua nilivyoipenda ile kamera. Niliinunua kwa mwalimu mwenzangu aliyekuwa anahama, miaka ya themanini mwanzoni, wewe hujazaliwa. Nilifundisha kemia mpaka nikastaafu, lakini ukiniuliza nilifanya nini duniani, nitakujibu kwamba nilipiga picha. Sikuuza hata moja. Wapiga picha wa mjini walikuwa na studio na pazia la maua na wateja wa kuwalalamikia. Mimi nilikuwa na Jumamosi zangu. Nilishuka Dunga, ufukweni mwa ziwa, alfajiri nikamngoja korongo mmoja saa mbili nzima, na nilipombonyezea kidole nilirudi nyumbani nimeshiba, sijala kitu.

Na utakumbuka stoo yetu pale Mamboleo, nilimokuwa nasafisha picha, balbu niliyoipaka rangi nyekundu, trei tatu za dawa zikiwa juu ya magunia ya mahindi. Ulikuwa unasimama juu ya kreti ya soda ukishika ukingo wa trei ya kwanza. Karatasi nyeupe ilikuwa inalala ndani ya dawa, haina kitu, kisha pembeni kunatokea kivuli, kisha mdomo wa mashua, kisha mtu mzima na kofia yake. "Inakuja, Baba," ulikuwa unasema kwa sauti ndogo, kama tunaweza kuishtua. "Inakuja." Sijapata furaha iliyonifaa kuliko ile, nami nilikuwa nakuonea haya, kwa sababu nilijua kitu ambacho hakitakuja kamwe ndani ya trei ile.

Filamu moja ilikuwa na picha thelathini na sita. Hapakuwa na kufuta wala kurudia kama mnavyofanya ninyi na simu. Juu ya kamera kulikuwa na kidirisha kidogo chenye namba, nami nilikitazama kuliko nilivyowatazama watu. Korongo alipata picha zake, hata wale omena, dagaa wetu, walioanikwa. Watu wa nyumbani sikuwapiga picha. Mtu wa nyumbani, niliona, yupo kesho.

Mama yako alikufa kwa malaria, wewe hujatimiza miaka miwili. Alilelewa Asembo na nyanya yake, na nyanya huyo alikuwa amemtangulia. Harusi ya kanisani hatukufanya. Picha yake ilikuwa moja tu, ile ndogo ya kitambulisho, na kitambulisho nilikirudisha ofisini nilipofuata cheti cha kifo. Nilikiweka juu ya meza ya karani nikasaini. Kamera ilikuwa begani kwangu, Akoth. Sikukumbuka kuitumia.

Sasa ile Krismasi, una miaka tisa. Nyumba imejaa, binamu zako wako nje, na mmoja wao, sitamtaja kwa sababu leo ni mzee wa kanisa, akakwambia, "Wewe mama yako hana sura. Uliokotwa kwenye wavu, na omena." Hukulia. Uliingia ndani nilikokuwa nawaonyesha wageni albamu, ukasimama mbele yangu na lile gauni lako la njano.

"Baba, umempiga korongo picha ya mguu mmoja, ukampiga ya miguu miwili. Mama yuko wapi?"

Watu waliacha kutafuna. Ningeweza kusema hakuna. Ni neno fupi. Badala yake nilisema, "Ngoja," nikaingia stoo.

Nilikaa humo muda wa kunywa kikombe cha chai. Ndani ya boksi la viatu nilikuwa na wanawake watatu. Wa kwanza alikuwa mzee mno. Wa pili alikuwa muuza mandazi wa hapo Mamboleo, angejulikana kabla sijafunga mlango. Wa tatu ndiye huyo wako. Amesimama na maji nyuma yake, mkono mmoja kiunoni, leso begani, shingo ndefu, ameugeuza uso hivi kwamba nusu yake imo kivulini. Nilikuwa na majivuno wakati ule, nilikuwa nachapa picha pamoja na ukingo mweusi wa filamu, ili mtu aone kwamba sikukata kitu. Ndiyo maana hapo chini kuna ile namba.

Nilikuwekea mkononi. Ulitazama kwa muda mrefu, kisha ukasema, "Nina shingo yake." Wageni wakakubali kwamba ni kweli, una shingo yake. Shangazi yako aliichukua akaipeleka dirishani. Alikuwa anamjua mama yako vizuri. Aliigeuza akatazama nyuma, kama kuna kitu kimeandikwa huko.

"Kama wewe umesema ni yeye," akaniambia, "ni yeye."

Baadaye jikoni, akiosha sufuria, hakuniangalia. "Wifi yangu hakuwa na shingo hiyo."

"Mtoto amefurahi, Anyango."

"Mbuzi pia hufurahi akipewa chumvi."

Hajalisema tena tangu siku hiyo. Usimlaumu, alininyamazia mimi. Nami nilikutazama ukijifunza kusimama, mkono kiunoni, kidevu pembeni. Siku ya harusi yako uliifunga leso begani kama yule, ukaniuliza, "Nafanana?" Nikasema, "Sana." Juzi nimemwona mjukuu wangu mdogo amesimama vilevile mlangoni kwangu. Hicho ndicho nilichowaachia ninyi, mkao wa mtu nisiyemjua jina.

Jina sikumuuliza. Nilichojua ni kwamba alikuwa anauza samaki Luanda Kotieno. Nawe umewahi kukutana naye. Ulikuwa na miaka kumi na miwili au na mitatu, tunangoja feri ya kwenda Mbita kwenye harusi ya mtu wetu. Alikuwa amenenepa, meno mawili yametoka, amekaa nyuma ya beseni la ngege.

"Mwalimu wa kamera," akaita. "Wewe si ulinipiga picha ukapotea? Mimi nangoja mpaka nimezeeka."

"Umenifananisha, mama."

"Nikufananishe na nani? Kuna mwingine hapa alinisimamisha kwa jua na samaki yangu ikaoza?" Wenzake wakacheka. Kisha akakuona. "Huyu ni wako? Haki ni mzuri. Chukua hii, mrembo, uambie mama akupikie."

Akakupa ngege mmoja, amemfunga kwa nyasi puani. Ulimwambia asante. Picha yake ilikuwa ndani ya Biblia yako, na Biblia ilikuwa ndani ya mkoba uliokuwa umeushika kwa mkono ule mwingine. Ulimtazama usoni, akakutazama, na hamkujuana. Ndani ya feri ukaniuliza, "Baba, yule mama anakujua?" Nikakwambia wauza samaki wanajua kila mtu. Samaki tulimla Mbita jioni. Ulisema ni mtamu.

Hapo ningeweza kuishia, na ungekuwa na sababu ya kutosha ya kuitoa ile fremu ukutani. Lakini kuna swali uliniuliza ukiwa mdogo ambalo nililijibu vibaya. Uliweka kidole kwenye ukingo mweusi ukauliza, "Baba, hii thelathini na sita ni nini? Ni miaka ya mama?" Nikakwambia ni namba tu ya kiwanda.

Ni namba ya picha kwenye filamu. Ile ilikuwa ya mwisho.

Asubuhi ya siku ile nilikuwa najiandaa kwenda Luanda Kotieno. Mama yako alikuwa amesukwa siku iliyotangulia. Alitoka nje na gauni lake la bluu, lile la kwendea kanisani, ingawa haikuwa Jumapili. Alikuogesha, akakuvalisha soksi nyeupe, akaleta kiti akakiweka ukutani penye jua zuri. Alikuwa amenisikia nikisema kwamba ukuta ule una jua zuri asubuhi. Akakaa, akakupakata.

"Baba Akoth, tupige moja tu. Mimi na mtoto."

Nilitazama kidirisha. Nikamwambia filamu imeisha.

Alicheka. "Hiyo filamu yako huisha nikivaa," akasema. Hakubisha. Alikaa pale kidogo, akikunyoosha soksi, kisha akanyanyuka, akakirudisha kiti ndani, akabadilisha gauni, akaanza kufua. Nilimwacha anafua. Wiki tatu baadaye nilimzika akiwa amevaa gauni hilo la bluu.

Uamue mwenyewe utaweka nini kwenye programu. Mimi, ukiniuliza, uache nafasi tupu kando yangu.

Filamu haikuwa imeisha. Kidirisha kilikuwa kinaonyesha thelathini na tano. Ilibaki moja, nikaibana kwa ajili ya mtu nisiyemjua, na hiyo ndiyo iliyo ukutani kwako.

Baba yako