Gunia Yenye Nilikata Uzi

Kabuta, ku Nchelenge

Mama mupenzi,

Jambo yenu, na jambo ya nyumba yote. Muguu yenu inaendelea namna gani? Ile mafuta niliwatumia, munapakaa ao munaichunga mu sanduku? Ninawajua miye. Siye huku tuko bazima. Siku hizi kuko upepo mingi ku ziwa, mitumbwi inachelewa kurudi, lakini tunalala, tunaamuka, tunashukuru Mungu. Baba Chola angali ku Mununga na benzake ba nyavu. Anarudiaka mwisho ya mwezi.

Maneno yenu ilifika. Yaya Feza alivuka ziwa kutoka kwenu Kilwa na sabuni zake za kuuzisha, akaikala ku mukeka, akakunywa mayi, kisha akasema bila kuniangalia: "Mama anasema mutoto wako Kabamba amekonda, iko mukavu. Anasema umulete Kilwa, atamulisha yeye." Mama, nilikasirika. Nilimuacha Feza palepale, nikaenda kugeuza samaki yenye ilikuwa imekauka tayari. Nilijiuliza, ni nani ule aliwapelekea habari? Kisha nikalia, juu ilikuwa kweli.

Acha niwaeleze yote, mumalize kusoma mbele ya kunijibu.

Tangu nilimukatisha maziwa, mutoto alianza kupunguka. Kazi yangu munaijua. Asubuhi mapema niko ku mayi, ninangojea mitumbwi ninunue chisense, ile samaki kidogo-kidogo, niianike, niigeuze, niishone mu gunia. Kabamba ku mugongo, Chola nyuma yangu anabeba bakuli. Tukirudi nimechoka. Ninasonga bukari ya unga, ninakaanga nyanya na kitunguu, tunakula. Niliona tumbo zimejaa, nikafikiri kazi imeisha.

Siku moja nikamupeleka kupimisha kilo. Banamuweka mu ile suruali ya kitambaa, ananing'inia ku kilo, batoto bengine banapiga mateke, yeye anaangalia tu. Nesi akachora ku kadi, akanionyesha: mustari inashuka. Akaniuliza mu Kibemba, kwenye "mama ya" ni "Bana": "Bana Chola, unafanyaka kazi gani?" Nikasema, ninauzisha samaki. "Na huyu mutoto anakulaka samaki?" Nikajibu: "Anakulaka nyanya." Bamama bote bakacheka, hata ule mwenye alikuwa na mapacha banamulilia ku magoti. Mama, haya ilinikamata! Nyumba yangu inanuka samaki mpaka ku shuka, na mutoto wangu hajue ladha yake.

Lakini munajua ni nani alinifundishaka. Mulikuwaka munasema gunia ya kuuzisha haiguswe, hata na njaa. Munakumbuka siku dada Mado alichukua samaki moja, moja tu, mukamupiga mpaka majirani bakaingilia? Miye nilikuwa nyuma ya mulango. Ile ilibaki mu kichwa yangu. Mpaka leo, nikiikala pembeni ya gunia yangu mwenyewe, niko kama mugeni.

Jirani yangu, Bana Mulenga, Mubemba mwenye kinywa yake haipumzike, njo alinicheka kabisa. Akaniambia: kaanga chisense bila mafuta, twanga, chunga unga yake, weka vijiko mbili mu uji pamoja na karanga ya kutwanga. Basi. Nikachukua wembe, nikakata uzi ya gunia. Haki ya Mungu, nikaangalia ku mulango kama mwizi. Nikatwanga, nikapika. Kabamba akaonja, akatema. Nikafikiri ni kudeka. Nikaonja miye mwenyewe: muchanga! Inalia mu meno. Juu siye bote tunaianikaka ku muchanga ya pwani, inakauka mbio, na mwenye kununua haonje. Na miye vilevile sikuonjaka, miaka yote hii.

Ile ilikuwa haya ya pili mu wiki moja. Sasa samaki ya batoto ninaianika juu ya kitanda ya miti na majani, na ile ya soko nayo, pole pole, ninaianika vile. Ninachelewa kumaliza, benzangu banacheka, ninabaachia bacheke. Asubuhi ni uji na samaki na karanga. Saa sita ni sombe ya majani ya mihogo, ao majani ya maboga. Na mayai, mama, musikasirike. Ninajua munasema mutoto mwenye kukula mayai atakuwa mwizi. Mpaka sasa hajaiba kitu, ila kijiko yangu ya kupikia.

Mwezi yenye imepita, mustari ilisimama. Mwezi huu ilipanda. Kidogo, lakini ilipanda. Nesi alinionyesha na kidole, nikamuomba anionyeshe tena. Kabamba haiko munene, sitawadanganya. Lakini anakimbiza kuku ya Bana Mulenga, anaanguka, anaamuka bila kulia. Mbele alikuwaka anaikala tu, nzi inatembea ku uso, hata haifukuze.

Kwa hiyo, mama, sitamuleta. Si kiburi. Mukitaka kumuona mukuje mwenyewe, nitawatandikia kitanda yangu na nitalala chini. Lakini mutoto wangu, muniachie nimulishe miye.

Munisalimie yaya Ilunga, mukubwa wetu, mumuambie suruali yake bado naishona. Munisalimie shangazi mwenye kuimba ku kanisa. Dada Mado, mumukumbatie kwa nguvu. Chola anasema amejifunza kuandika jina yake na yenu. Mutaiona nyuma ya karatasi, herufi moja imegeuka.

Neno moja inabaki. Mukitugawiaka chakula, mulikuwaka munasema samaki inawaumiza tumbo yenu, munachovya bukari mu muchuzi basi. Siye tulikuwaka tunafurahi, tunagombania kipande yenu. Ile asubuhi nikiwa natwanga, njo nilifahamu. Haikuwaka inawaumiza hata kidogo.

Feza amewabebea kopo ya bulu. Ni unga ya samaki, nimeichunga mara tatu, hakuna muchanga. Haiko ya soko, mama. Nimemuambia Feza asitoke kwenu mpaka ameona munakula.

Mutoto wenu,
Ngosa, mama ya Chola na Kabamba