Kopo la Rafu ya Juu

Fundi Athumani,

Shikamoo. Hukuwa ukipokea habari yoyote kabla ya shikamoo, hata gari likiwaka moto, basi naanza nayo. Marahaba nitajiitikia mwenyewe.

Gereji ipo, hapa hapa Tezo, na bati la kona bado linavuja pale pale ulipokuwa ukisema utapaziba Ijumaa. Hukusema Ijumaa gani. Tangu tukuzike, funguo ninazo mimi. Wale wateja waliokuwa wakikuuliza, "Athumani, huyu msichana ataweza kweli?" sasa wananiita Fundi Kadzo. Wengine wanalitamka jina hilo huku wakiangalia pembeni, lakini wanakuja.

Nakuandikia kwa sababu ya Rehema. Usishtuke, mwanao ni mzima. Bado ni muuguzi, na bado anaendesha lile gari la zahanati la fobaifo, linalovuta kwa magurudumu yote manne, anapeleka chanjo na kuchukua wajawazito vijijini, kutoka Kaloleni hadi Rabai, anapita kwenye matope na mito isiyo na madaraja. Wiki iliyopita alikuja hapa akaniambia, "Dada Kadzo, nikikanyaga breki linanivuta kushoto. Jana pale mteremkoni Rabai nusura liniingize mtaroni, na nyuma nilikuwa na mama mwenye uchungu." Alikuwa akicheka, lakini funguo alinipa kabla sijaziomba.

Unanijua hasira zangu. Nikakumbuka mwezi uliopita gari lilipelekwa kubadilishwa tairi kwa mafundi wengine huko barabarani, nikawalaani wote na mama zao. Nikashika spana. Hapo nikakusikia kabisa, wallahi, na ile sauti yako ya kukwaruza: "Kadzo, umeligusa?"

Mwaka wa kwanza nilidhani unanifanyia mzaha. Wenzangu kwenye gereji nyingine wanafungua magurudumu, mimi unaniambia niendeshe kwanza, nikanyage breki polepole, nirudi, nisogeze mgongo wa mkono karibu na kila gurudumu kama mtu anayempima mtoto homa. Kumbe ulikuwa unanifunza kusikiliza. Sijaona fundi mwingine aliyekuwa na subira kama yako na chuma. Kwa watu hukuwa nayo hata kidogo, lakini kwa chuma, lo!

Basi nikaendesha hadi Mtondia na kurudi. Magurudumu matatu yalikuwa na joto la kawaida. La mbele kushoto lilikuwa moto, nikaurudisha mkono upesi. Nilipofungua, pedi ya ndani ilikuwa imekwisha karibu na chuma, ya nje nzima kama ya jana. Ulinieleza mara ngapi? Kalipa, lile pande la chuma linalobana diski, hutelezea kwenye pini mbili ili libane sawa ndani na nje. Pedi moja ikiliwa peke yake, pini imekwama. Ya juu niliisukuma kwa kidole ikateleza. Ya chini nilipigana nayo kwa nyundo.

Ilipotoka, raba yake ilikuwa imevimba, laini, inanata. Nikanusa ile girisi, nikakaa chini.

Ilikuwa girisi ya ndoo, Fundi. Ile ndoo ya mlangoni, ya kupaka viungo vya chini ya gari. Na aliyeipaka ni mimi.

Unalikumbuka lile kopo lako la maziwa ya unga, la rafu ya juu kabisa, lenye girisi ya pini za breki isiyodhuru raba? Hakuna aliyeruhusiwa kulishika bila kukuomba. Miaka yote ile nilidhani ni ubahili wako tu. Baada ya wewe kuondoka likaisha. Siku moja Rehema alikuja mbio nimhudumie breki, watoto wanangoja chanjo, nami nikasema moyoni, aah, girisi ni girisi. Nikachovya kidole ndooni. Mafuta yale yakavimbisha raba, raba ikabana pini, na mwanao akateremka Rabai na kosa langu kwenye gurudumu.

Nililia chini ya lile gari. Nilijua pia kwamba hakuna anayejua. Ningeweza kusema ni maji ya mtoni. Rehema angeamini, maana raba za magari ya huko kila siku huharibika.

Lakini nilikumbuka ile siku ya mwalimu wa Mnarani. Alikuwa ameshachukua gari lake na kwenda, wewe ukaanza kushuku kwamba kuna bolti hukuikaza. Ukanipakia nyuma ya pikipiki ya kuazima hadi kwake, ukasimama mbele ya wake zake na watoto: "Nimekosea mimi, naomba gari." Alikutukana vibaya. Ukakaza bolti, ukamwamkia mama yake, tukarudi. Njiani nilikuuliza kwa nini hukuikaza kimyakimya. Ukanijibu, "Akijua nakosea, siku gari likilia ataniita. Asipojua, ataendelea kuliendesha tu." Sijapata kumheshimu mtu kama nilivyokuheshimu siku ile, na sikukwambia. Nakwambia leo.

Basi nikatoka uvunguni, nikamwambia Rehema, "Si mto. Ni mimi." Nikamweleza yote, ndoo na haraka.

Aliinua macho kwenye rafu, akasema, "Baba hata mimi alikuwa hanishikishi lile kopo." Kisha akalia, na mimi nikaanza upya. Nilingoja aniambie atapeleka gari kwingine. Alijifuta uso na ncha ya mtandio, akaniuliza, "Na upande wa kulia?"

Damu yako hiyo, Fundi. Pande zote mbili nilizipaka siku ile ile, na kwa machozi yale nilikuwa sijaufikiria ule wa pili. Tulifungua, raba zimeshaanza kuvimba. Kama angeondoka tumetengeneza upande mmoja tu, sijui ningekuandikia nini.

Tuliweka pini mpya, raba mpya, pedi mpya. Girisi niliifuata mwenyewe Mombasa. Tulipotoka kulijaribu na kurudi, sijafungua hata mlango, nikamwona Rehema amechutama kwenye gurudumu la kushoto, mgongo wa mkono mbele.

Pumzika, mwalimu wangu, Mola akurehemu. Bati nitaliziba, Ijumaa hii. Kopo limejaa, liko juu pale pale, na nakuahidi halitaisha tena nikiwa hai. Hakuna anayelishika bila ruhusa, hata mimi. Kila nikipanda kiti kulichukua, nasema kwa sauti, wateja wanicheke wanavyotaka: "Fundi, naomba girisi."

Mwanafunzi wako,
Kadzo